Farina hakuokota ubingwa wa 1950

Orodha ya mabingwa wa dunia wa Langalanga (Formula 1) inaanza na jina ambalo mashabiki wengi hulipita haraka ili wamfikie Juan Manuel Fangio wa Argentina. Jina hilo ni Giuseppe Farina, mtu wa Turin, aliyeitwa Nino na waliomzoea. Akitajwa, hutajwa kwa namna ya kumpunguzia: alipewa gari lililoyazidi mengine yote, Fangio alikuwa mwepesi kuliko yeye, na kama gari la Fangio lisingekufa kule Monza, Italia, katika duru ya mwisho, basi ubingwa ungekwenda Argentina. Nimeyasikia maneno haya kila mabingwa wa zamani wanapozungumzwa, na kwa muda mrefu niliyaacha yapite. Safari hii sitayaacha, kwa sababu msimu wa 1950 haueleweki ukiuanzia mwaka 1950.

Uanzie Tripoli. Tarehe 12 Mei 1940, Libya ikiwa koloni la Italia, magari yalipangwa kando ya ziwa la chumvi la Mellaha, mbele ya jukwaa kubwa jeupe ambalo watawala walilijenga ili lionekane kutoka mbali. Siku mbili kabla, majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameingia Uholanzi na Ubelgiji. Italia yenyewe ilikuwa bado haijatangaza vita, ingawa kila aliyekuwa pale alijua iko njiani. Farina, umri wake miaka 33, aliendesha Alfa Romeo 158 na kushinda kwa wastani wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Nyuma yake walikuja Clemente Biondetti na Carlo Felice Trossi, nao kwenye magari ya aina hiyo hiyo. Chini ya mwezi mmoja baadaye, tarehe 10 Juni, Italia ikaingia vitani. Mbio za Tripoli hazikurudi tena, na uwanja wa ndege wa kijeshi uliokuwa jirani ukaja kuwa kituo kikubwa cha Wamarekani.

Sasa ruka miaka kumi na siku moja. Tarehe 13 Mei 1950, Silverstone, Uingereza, duru ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa madereva. Mshindi ni Farina, na gari ni Alfa Romeo 158.

Dereva ni yule yule na gari ni lile lile. Katikati yake kuna vita vilivyomtoa miaka 33 na kumrudisha na 43. Ukimtazama Farina wa Silverstone bila kumwona Farina wa Tripoli, utamwona mzee aliyebahatika. Mimi namwona mtu aliyezuiwa katika miaka yake bora. Alikuwa bingwa wa Italia mwaka 1937, 1938 na 1939 mfululizo, na alikuwa ndiyo kwanza anafikia kilele.

Kwa haki, Fangio naye alipoteza miaka. Mwaka 1940 alishinda mbio ndefu za kutoka Buenos Aires hadi Lima na kurudi, akiendesha Chevrolet, kisha vita vikazima michezo ya magari Argentina pia, maana matairi na vipuri vilikuwa havipatikani. Lakini Fangio alizaliwa Juni 1911. Vita vilipomwachia alikuwa bado na muda mbele yake. Farina alizaliwa Oktoba 1906, na miaka hiyo mitano kasoro kati yao ndiyo iliyofanya mmoja awe na mataji matano na mwingine abaki na moja.

Kuna jambo jingine ambalo takwimu za msimu ule hazilionyeshi, nalo ni wale ambao hawakuwepo. Mbio za kwanza baada ya vita Ulaya zilifanyika Paris, katika bustani ya Bois de Boulogne, tarehe 9 Septemba 1945. Mojawapo ilipewa jina la Robert Benoist, bingwa wa zamani wa Kifaransa aliyejiunga na mapambano ya siri dhidi ya Wajerumani na kuuawa katika kambi ya Buchenwald. Mwenzake katika kazi hiyo, William Grover-Williams, ndiye aliyeshinda Monaco ya kwanza kabisa mwaka 1929. Naye aliuawa na Wajerumani. Aliyeshinda mbio kubwa siku ile ya Paris alikuwa Jean-Pierre Wimille, aliyekuwa pamoja nao katika mtandao ule na akanusurika. Kwa miaka mitatu iliyofuata Wimille ndiye aliyehesabiwa na wengi kuwa dereva bora duniani, tena akiendesha Alfetta, kama Alfa Romeo 158 ilivyoitwa kwa mapenzi.

Kisha misiba ikafuatana. Achille Varzi alifia mazoezini kule Bremgarten, Uswisi, tarehe 1 Julai 1948. Wimille alifia mazoezini Buenos Aires Januari 1949. Trossi, yule yule wa Tripoli, aliondolewa na maradhi mwaka huo huo. Alfa Romeo ikabaki na magari yasiyo na watu, ikakaa kando mwaka mzima wa 1949.

Hapa ndipo wapinzani wa Farina husema: basi alirithi kiti cha marehemu. Kweli, alikirithi. Lakini kila aliyeanza msimu ule alikuwa amerithi kitu kutoka kwa marehemu fulani, na Fangio hakuwa tofauti. Farina alikuwa ameondoka Alfa baada ya kutoelewana na wakubwa wake, akahangaika na magari mengine, na Mei 1948 akashinda Monaco kwa Maserati. Mtu anayesubiri kubebwa na gari la wenzake hashindi Monaco kwa gari jingine.

Gari lenyewe linahitaji maelezo. Alfa 158 iliundwa na Gioacchino Colombo mwaka 1937, Modena, katika karakana ya Enzo Ferrari, ambaye wakati ule alikuwa akiisimamia timu ya Alfa. Tarakimu zake zinajieleza: lita 1.5, silinda 8. Lilikusudiwa kwa daraja la magari madogo, kwa kuwa katika daraja kubwa Mercedes na Auto Union za Ujerumani zilikuwa hazikamatiki. Vita vilipokuja, magari hayo yakafichwa. Husimuliwa kwamba yalihifadhiwa katika kiwanda cha jibini. Vilipoisha, Wajerumani walizuiwa kushiriki michezo ya kimataifa, na wakuu wa mbio wakakaa kuandika kanuni mpya. Kanuni ikashonwa kwa kitambaa kilichokuwepo: injini ya lita 1.5 yenye pampu ya kuisukumia hewa, au ya lita 4.5 isiyo na pampu. Ya kwanza ilikuwa kwa ajili ya Alfa, Maserati na ERA za Waingereza zilizosalia mabandani. Ya pili kwa ajili ya Talbot za Wafaransa. Hivyo gari dogo la mwaka 1938 likaamka na kujikuta ndilo gari kubwa.

Kufika 1950 injini ile ilikuwa inatoa takriban nguvu za farasi 350 kutoka kwenye lita moja na nusu. Gharama yake ilikuwa mafuta. Ilikunywa mchanganyiko wa kilevi cha methanoli, na lita moja haikulifikisha gari kilomita moja. Talbot, kwa injini yake kubwa isiyo na haraka, iliweza kwenda bila kusimama huku Alfa zikisimama kujaza. Ndiyo maana kule Spa, Ubelgiji, mwezi Juni, Raymond Sommer akiwa na Talbot aliongoza mbio kwa muda Alfa zilipokuwa zimesimama. Injini ilimfia baadaye. Sommer mwenyewe alifariki Septemba mwaka ule katika mbio ndogo za Cadours, kusini mwa Ufaransa.

Ubingwa ulikuwa na duru saba, na jina "dunia" lilipatikana kwa kuongeza Indianapolis 500 ya Marekani, iliyokuwa na kanuni zake, magari yake na madereva wake, na ambayo hakuna hata mmoja wa vigogo wa Ulaya aliyekwenda. Johnnie Parsons aliishinda, mvua ikaikata kabla haijafika mwisho. Zilizobaki zilikuwa sita, na zote sita zilikwenda kwa Alfa. Farina tatu, Fangio tatu.

Silverstone ulikuwa uwanja wa mafunzo ya ndege za kuangusha mabomu, na miaka mitano baada ya vita ulikuwa bado unaonekana hivyo. Njia ya magari ilikuwa ile barabara ya kuzunguka uwanja, ikatengwa kwa marobota ya majani makavu na mapipa ya mafuta. Mfalme George VI alikuwepo na familia yake. Petroli bado ilikuwa ikitolewa kwa mgao Uingereza. Mgao huo ulifutwa siku 13 baadaye, tarehe 26 Mei. Watu zaidi ya laki moja walifika pamoja na hayo. Madereva walivaa kofia za kitambaa au ngozi, na mkanda wa kiti ulikuwa haujafikiriwa. Alfa ziliingia nne, na ya nne akapewa Mwingereza Reg Parnell, heshima kwa wenyeji. Sungura pori akakatiza mbele ya Parnell. Alimaliza wa tatu akiwa na alama ya kugongwa kwenye pua ya gari. Luigi Fagioli alikuwa wa pili, sekunde 2.6 nyuma ya Farina. Fangio injini ilimfia.

Picha za siku ile zinamwonyesha Farina ameegemea nyuma, mikono imenyooka mpaka kwenye usukani, mabega yametulia. Wakati ule wengi waliukumbatia usukani kifuani kama wanaozuia ng'ombe asikimbie. Mkao ule wa Farina ndio madereva waliomfuata walioiga, Stirling Moss akiwa mmojawapo.

Wiki moja baadaye Monaco, mambo yakageuka. Wimbi la bahari lililowesha barabara kwenye kona ya Tabac. Mzunguko wa kwanza, Fangio alikuwa ameshapita akiwa anaongoza. Farina, wa pili, akateleza, akagonga, na nyuma yake magari yakarundikana, karibu nusu ya yaliyoanza yakaishia pale. Fangio hakuona kitu. Alizunguka mji mzima na kurudi upande ule kwa kasi yake yote, kona yenyewe ikiwa haimwonyeshi kilicho ng'ambo. Alichokiona ni watazamaji: badala ya nyuso zilizomgeukia yeye, aliona visogo. Anaongoza mbio na hakuna anayemtazama, basi kuna kitu huko mbele kinachotazamwa. Akakanyaga breki na kuinua mkono kuwaonya wa nyuma, akapita taratibu kati ya vyuma, akashinda kwa kumwacha Alberto Ascari wa Ferrari mzunguko mzima. Kama kuna dakika moja ya msimu ule inayoonyesha kwa nini Fangio ni Fangio, ni hiyo. Siibishii.

Na hapo ndipo lilipo kosa la hoja ya mashabiki. Wanachukua ukubwa wa Fangio, ambao ni wa kweli, wanautumia kufuta hesabu ya msimu. Hesabu yenyewe iko wazi. Mshindi alipata pointi 8, kisha 6, 4, 3 na 2, na pointi 1 kwa aliyezunguka kwa kasi kuliko wote. Matokeo manne bora tu ndiyo yaliyohesabiwa. Fangio alishinda Monaco, Spa na Reims ya Ufaransa. Katika duru nyingine tatu za Ulaya hakumaliza. Ikawa ushindi au kutoka. Farina alishinda Silverstone na Bremgarten, akipata pia pointi ya mzunguko wa kasi katika zote mbili. Monaco aliondoka bila kitu na Reims vile vile. Zikabaki Spa na Monza.

Watu hukumbuka Monza. Mimi naomba tuitazame Spa kwanza, tarehe 18 Juni. Farina alianza wa kwanza, akaenda vizuri, kisha gari likaanza kuharibika likiwa linatembea. Njia ya Spa ya wakati ule ilikuwa zaidi ya kilomita 14 kwa mzunguko mmoja, msitu huku na nyumba za watu kule. Gari likikuzimikia upande wa mbali, siku yako imekwisha. Fangio alikwenda, Fagioli akapita, Louis Rosier na Talbot yake naye akapita. Farina hakuegesha. Aliliburura gari lile hadi mwisho akiwa dakika nne nyuma, akachukua nafasi ya nne: pointi 3, pamoja na ile 1 ya mzunguko wa kasi aliyoiweka gari likiwa zima.

Mwisho wa msimu Farina alikuwa na pointi 30 na Fangio 27. Tofauti ni 3. Ni zile pointi 3 za gari gonjwa la Spa. Anayesema Farina alipewa ubingwa na ubovu wa gari la Fangio aniambie pia kuhusu siku ambayo gari la Farina liliharibika naye akakataa kuliacha njiani.

Kabla ya Monza, Fangio alikuwa na 26, Fagioli 24, Farina 22. Ndiyo, Farina alikuwa wa tatu. Fagioli anastahili aya yake hapa. Alizaliwa 1898, alikuwa na miaka 52, na mwili wake haukuwa tena wa kijana. Silverstone wa pili, Bremgarten wa pili, Spa wa pili, Reims wa pili. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kanuni ilisema kibaba ni vijiko vinne tu. Monza alikuja kumaliza wa tatu, na pointi 4 za siku ile zikatupwa kwa sababu alikuwa ameshajaza. Zingehesabiwa zote, Fagioli angekuwa na 28, mbele ya Fangio mwenye 27, na Farina bado angekuwa juu yao. Kwa hiyo kanuni ile ya matokeo manne haikumnufaisha Farina hata kidogo. Ilimnyima mzee nafasi ya pili na kumpa Fangio. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi. Mwaka uliofuata kule Reims Fagioli aliagizwa na timu ampe Fangio gari lake katikati ya mbio. Gari likashinda, ushindi ukaandikwa kwa majina mawili, na Fagioli aliondoka kwa hasira, asirudi tena katika mbio za ubingwa. Alifariki Juni 1952 kutokana na majeraha ya ajali ya Monaco.

Monza, tarehe 3 Septemba, ndiyo siku ambayo Alfa ilipata mpinzani kwa mara ya kwanza. Ferrari ilikuwa imeacha kuhangaika na injini ndogo yenye pampu, ikaleta ya lita 4.5. Ascari alianza wa pili, sehemu mbili za kumi za sekunde nyuma ya Fangio. Farina alijua hesabu: ashinde, na Fangio asipate pointi za kumfikia. Jambo la kwanza lilikuwa mikononi mwake, la pili halikuwa. Alichofanya ni kulikamilisha la kwanza huku Ascari akimsumbua hadi injini ya Ferrari ikakata. Gia za Fangio zilipoharibika, timu ilimsimamisha Piero Taruffi na kumpa Fangio gari lake. Gari la pili nalo likafa. Tazama hapo: ikiwa timu ilimpendelea mtu siku ile, hakuwa Farina. Mgeni kutoka Argentina alipewa magari mawili ya kuutafutia ubingwa mbele ya Waitaliano, na mwenyeji alikuwa na moja.

Sitamtakasa Farina. Alikuwa dereva mkali kupita kiasi, na jina lake limo katika ajali mbili zilizoua wenzake kabla ya vita: Marcel Lehoux kule Deauville mwaka 1936, na László Hartmann wa Hungaria, tena Tripoli, mwaka 1938. Waliokimbia naye hawakumwamini sana magari yakikaribiana. Ukitaka kusema Fangio alikuwa dereva mkubwa zaidi na mwungwana zaidi, nitakubaliana nawe. Swali la ubingwa wa 1950 ni jingine: nani alikusanya zaidi katika duru zile, kwa gari lile lile walilokuwa nalo wote watatu? Hoja ya gari bora haimgusi Farina mbele ya Fangio na Fagioli, kwa kuwa wote walikalia Alfetta.

Mwaka 1951 gari lile la 1938 likafika mwisho wa uwezo wake. Julai, pale pale Silverstone, José Froilán González akalishinda kwa Ferrari, Fangio akachukua taji mwishoni mwa msimu, na Alfa Romeo ikajitoa. Farina akahamia Ferrari, ambako Ascari alikuwa ndiye mkubwa, kijana kwake kwa karibu miaka 12. Wengi walidhani amekwisha.

Tarehe 2 Agosti 1953, Nürburgring, Ujerumani, gurudumu la gari la Ascari lilichomoka akiwa anaongoza. Mbele wakabaki Fangio na Maserati, Mike Hawthorn kijana wa miaka 24, na Farina mwenye 46. Njia ile ina karibu kilomita 23 za milima na kona zisizoonyesha mwisho, na siku ile ilizungukwa mara 18. Farina aliwapita wote wawili, akafika wa kwanza, akimwacha Fangio nyuma kwa dakika moja na sekunde 4.